Zapier, Make, n8n au Power Automate: ipi ikufae katika kuunganisha programu za kazi bila kuandika msimbo

Fomu imejazwa kwenye tovuti. Jina na anwani ya barua pepe ya aliyeijaza vinatakiwa viingie kwenye lahajedwali, yeye mwenyewe atumiwe barua ya kumkaribisha, na timu ya mauzo ipate taarifa kwenye Slack, programu ya mazungumzo ya kazini. Kwa mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo kwa mkono ni dakika tano tu, lakini zikirudiwa mara 300 kwa mwezi zinakuwa saa 25 za kunakili na kubandika, na kila mara kuna nafasi ya kukosea herufi au kumsahau mtu. Zapier, Make, n8n na Power Automate zote zinaweza kuubeba mzigo huo, na zote hufuata mpango mmoja: kuna kichochezi, yaani tukio linaloanzisha mtiririko, na kuna vitendo vinavyofuata katika programu nyingine.

Kwa kuwa zote zinaweza, hakuna faida kubwa ya kuzipima kwa kuuliza zinaweza nini. Matangazo yao hushindana kwa idadi ya programu zinazounganishwa, na hapo Zapier, yenye zaidi ya 7,000, iko mbele ya wenzake kwa mbali. Idadi hiyo humhusu hasa mtu ambaye programu anayoitegemea si maarufu, akaikuta kwenye orodha moja na kuikosa kwenye nyingine. Wengi wetu tunatumia programu nne au tano zinazojulikana, nazo zipo kwenye orodha zote. Yaliyoamua uchaguzi katika kazi nilizozifanya ni mambo mawili: zana inahesabu nini ili ikutoze fedha, na mtiririko ukikatika katikati, data iliyokuwa njiani inaishia wapi. Ulinganisho huu utakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Huenda huhitaji yoyote kati yake

Kabla ya kufungua akaunti mpya, angalia kama programu ulizonazo tayari zinajuana. Google Forms huandika majibu kwenye Google Sheets yenyewe, bila mtu wa kati. Slack ina sehemu yake ya kujenga mitiririko midogo, na programu nyingi za kusimamia miradi huja na kanuni za ndani za aina ya «kazi ikihamia safu hii, mjulishe fulani». Nimeona watu wakilipa kila mwezi ili kupata kitu ambacho kingewashwa kwa kubonyeza mara mbili ndani ya programu waliyokuwa nayo. Muunganisho wa ndani hukatika mara chache zaidi, kwa sababu hauna ufunguo wa ruhusa wa zana ya tatu unaoweza kuisha muda wake.

Kwa mahitaji ya nyumbani au ya mtu binafsi, IFTTT bado ipo, ikiwa miongoni mwa zana za mwanzo kabisa za aina hii. Tangu mwaka 2020, ilipoleta mpango wa kulipia na kupunguza idadi ya mitiririko inayoruhusiwa bure, imebaki kuwa ya kuunganisha taa, simu na mitandao ya kijamii zaidi kuliko kazi za ofisi. Siirudii tena hapa chini.

Zilikotoka, kwa ufupi

Zapier ilianzishwa Marekani mwaka 2011 na Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop. Make ilizaliwa Prague ikiitwa Integromat. Mwaka 2020 ilinunuliwa na kampuni ya Celonis ya Ujerumani, na mwaka 2022 ikabadilishwa jina. Ndiyo maana maelekezo ya zamani yanayotaja Integromat bado yanafaa kusomwa. n8n ilitolewa na Jan Oberhauser mjini Berlin mwaka 2019, nayo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Power Automate ni ya Microsoft. Ilianza mwaka 2016 kwa jina la Flow, ikapewa jina la sasa mwaka 2019.

Asili hizi zinaonekana katika tabia za zana zenyewe. Zapier imejengwa kwa ajili ya mtu wa mauzo au masoko asiyetaka kujua kinachoendelea ndani, na hatua zake zinashuka kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Make inakupa uwanja wa duara zilizounganishwa kwa mistari, ambamo unaiona data ikipita kila kituo. n8n ina uwanja kama huo, ila inachukulia kwamba huogopi kuona mabano ya JSON, muundo wa maandishi ambao programu hubadilishana data, na ukitaka kuandika msimbo mfupi wa JavaScript au Python katikati ya mtiririko, nodi (kituo kimoja cha mtiririko) ya kazi hiyo ipo. Power Automate inachukulia kwamba barua pepe yako ni Outlook, faili zako ziko SharePoint na mazungumzo yako Teams. Pale dhana hiyo inapokuwa kweli, ni vigumu kuishinda.

Kinachohesabiwa

Turudi kwenye ile fomu yetu. Tuseme kuna watu 300 kwa mwezi, na kwa kila mmoja kuna kichujio kinachohakikisha kwamba ameandika barua pepe, kisha vitendo vitatu: kuongeza safu kwenye lahajedwali, kutuma barua na kutuma ujumbe wa Slack. Kwa urahisi wa hesabu, tuchukue kwamba wote 300 wanavuka kichujio.

Zapier huhesabu vitendo vilivyofanikiwa, ambavyo yenyewe huviita kazi. Kichochezi hakihesabiwi, wala kichujio. Kwa hiyo tuna 300 mara 3, sawa na kazi 900 kwa mwezi. Mpango wa bure hutoa kazi 100 na mitiririko ya hatua mbili pekee, yaani kichochezi kimoja na kitendo kimoja. Mtiririko wetu hauingii humo hata kwa siku moja.

Make huhesabu kila mara moduli, yaani hatua moja ya mtiririko, inapofanya kazi, na kichochezi ni moduli kama nyingine. Mwaka 2025 iliacha kuuza kwa operesheni (moduli moja kufanya kazi mara moja) ikaanza kuuza kwa krediti, lakini kwa hatua za kawaida krediti moja bado ni sawa na operesheni moja, hivyo hesabu haijabadilika. Hapa kuna mtego ambao huwanasa wengi. Kama programu ya fomu haitumi taarifa yenyewe, Make hulazimika kwenda kuichungulia kila baada ya muda fulani, na kila kuchungulia kunahesabiwa hata kama hakuna kipya kilichopatikana. Ukiweka kila dakika 15, hiyo ni mara 96 kwa siku na mara 2,880 kwa siku 30. Ongeza vitendo 900 vyenyewe, jumla inakuwa 3,780, ambapo robo tatu zimelipia kufungua mlango na kukuta hakuna mtu. Programu hiyo hiyo ikiwa na webhuku, yaani uwezo wa kuipigia Make hodi papo hapo fomu inapojazwa, hesabu hushuka hadi 1,200: vichochezi 300 na vitendo 900. Mpango wa bure wa Make una 1,000 kwa mwezi, na mtu aliyeacha mpangilio wa kuchungulia kila dakika 15 atazimaliza katika siku kumi na moja hata kama hakuna aliyejaza fomu.

Zapier nayo huchungulia pale pasipo na webhuku, ila haikutozi kwa hilo. Inakulipisha kwa namna nyingine, kwa kukuuzia kasi. Katika mpango wa bure huchungulia kila dakika 15, na mipango ya juu hupunguza muda huo hadi dakika mbili au moja. Kwa barua ya kumkaribisha mteja, robo saa haina madhara. Kwa ombi la msaada la mteja aliyekasirika, ina madhara.

n8n, katika huduma yake ya wingu, huhesabu utekelezaji mzima wa mtiririko, uwe na hatua tatu au thelathini. Fomu zetu 300 ni utekelezaji 300, basi. Ukiiweka kwenye seva yako, toleo la jamii, lile la bure, halina ukomo wa utekelezaji hata kidogo; unalipia seva na muda wa atakayeitunza, na hilo la pili nitalirudia kwa sababu watu hupenda kulisahau.

Power Automate haihesabu kwa namna hiyo hata kidogo, kwani leseni hufuata mtumiaji au mtiririko. Aliye na Microsoft 365 ya kazini kwa kawaida tayari ana haki ya kujenga mitiririko, kwa ukomo wa maombi 6,000 kwa saa 24, kiwango ambacho fomu zetu haziwezi kukikaribia. Mtego wake uko kwenye konekta, yaani viunganishi vya kila programu. Kuna za kawaida na kuna za daraja la juu, na moja ya daraja la juu ikiingia kwenye mtiririko, leseni ya ziada inahitajika. Google Sheets na Slack ni za kawaida. Salesforce, SQL Server na kile kitendo cha jumla cha kutuma ombi la HTTP kwa programu yoyote ni za daraja la juu. Hilo la mwisho ndilo linalouma, kwa sababu ombi la HTTP ndilo kimbilio lako pale programu unayoitaka inapokosekana kwenye orodha. Kwenye Make na n8n unalipata bila kuulizwa leseni.

Mfano wa pili unageuza picha. Tuseme kila asubuhi unachukua orodha ya wateja 500, unamtafuta kila mmoja kwenye programu ya mauzo, kisha unasasisha hali yake. Kwa Zapier hizo ni kazi 1,000 kwa siku, au 30,000 kwa mwezi. Kwa Make ni zaidi ya hapo kidogo tu, kwa kuwa kila moduli inafanya kazi mara 500 kwa wateja 500. Kwa n8n ni utekelezaji mmoja kwa siku, 30 kwa mwezi. Tofauti kati ya 30,000 na 30 haielezwi na ubora wa zana. Inatokana na kitengo cha kuhesabia. Ndiyo maana mtu mwenye fomu chache anayemwambia mwenzake kwamba Zapier ni nafuu, na mtu mwenye orodha ndefu anayemwambia kwamba ni ghali mno, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Usikimbilie n8n kwa sababu ya mfano huo pekee. Wateja 500 wakipita kwa mkupuo ndani ya utekelezaji mmoja, wote hukaa kwenye kumbukumbu ya seva kwa wakati mmoja, na seva ndogo inaweza kuzidiwa. Tena, programu inayopokea ina mipaka yake: API ya Google Sheets, mlango ambao programu nyingine huupitia, huruhusu maombi 60 ya kuandika kwa dakika kwa kila mtumiaji, na la 61 hurudishiwa kosa la 429, lenye maana kwamba umebisha hodi mara nyingi mno. Hapo utalazimika kugawa orodha katika mafungu na kuweka mapumziko kati yake. Zana zote nne zinakutana na ukuta huo huo. N8n inakufikisha ukutani haraka zaidi kwa sababu haina mita inayokupunguza mwendo.

Mtiririko unapokatika katikati

Kuna siku programu ya barua pepe itakataa kujibu kwa dakika kumi. Safu imeshaandikwa kwenye lahajedwali, barua haijaenda, na ujumbe wa Slack haujafika. Nini kinafuata?

Kwa Zapier, utekelezaji ule unabaki kwenye historia ukiwa na alama ya kosa, unapata barua ya kukujulisha, na katika mipango ya kulipia zana inaweza kurudia yenyewe hatua iliyoshindwa, ikiacha muda kati ya jaribio na jaribio. Kwa asiye fundi, huu ndio utaratibu mzuri kuliko wote, kwa sababu haukutaki ufikirie makosa kabla hayajatokea. Mtiririko ukishindwa karibu kila mara kwa siku kadhaa mfululizo, Zapier huuzima.

Make inakutaka ufikirie mapema. Unaweza kuambatisha kwenye moduli yoyote njia ya kushughulikia kosa, nayo ina chaguo tano: kuahirisha utekelezaji na kuujaribu tena baadaye, kuendelea kwa kutumia thamani mbadala, kulipuuza kosa, kusimama hapo ulipofika na kuyahifadhi yaliyofanyika, au kurudisha nyuma pale programu inaporuhusu. Hakuna mwenzake anayetoa udhibiti huu kwa mtu asiyeandika msimbo, na kama mtiririko wako unagusa fedha au hesabu za bidhaa, nadhani hii ni sababu ya kutosha kuichagua Make. Lakini ukiiacha bila kupangwa, ni kali: kwa mpangilio wa awali, makosa matatu mfululizo huizima senario, jina la Make kwa mtiririko, na utekelezaji usiokamilika hauhifadhiwi mpaka uwe umewasha mpangilio huo mwenyewe. Wengi hugundua hayo siku wanapotafuta data iliyopotea.

Kwa n8n, kila nodi ina mpangilio wa kujaribu tena inaposhindwa, na unaweza kujenga mtiririko maalumu ambao kazi yake ni kuamka mtiririko mwingine unapoanguka na kukutumia taarifa. Usipoujenga, kosa hubaki kimya ndani ya orodha ya utekelezaji. Ukiendesha mwenyewe, kumbuka pia kwamba kumbukumbu hizo hufutwa baada ya siku 14 kwa mpangilio wa awali, kwa hiyo anayerudi kutoka likizo ya wiki tatu anaweza kukuta ushahidi umeshaondoka.

Power Automate hukuruhusu kusema hatua fulani ifanyike ikiwa iliyotangulia imefaulu, imeshindwa, imerukwa au imepitiliza muda. Mpangilio huo umefichwa kwenye menyu ambayo wengi hawaifungui, lakini una nguvu. Historia yake hukaa siku 28, na mtiririko unaoshindwa mfululizo kwa siku 14 huzimwa. Kuna jambo moja zaidi kwa wanaoitumia kupata idhini za wakubwa: utekelezaji mmoja hauwezi kuishi zaidi ya siku 30, kwa hiyo ombi lililolala kwenye kisanduku cha meneja kwa mwezi mzima hufa bila jibu.

Kurudia kwenyewe kuna hatari ambayo haitegemei zana. Ukirudia mtiririko wote badala ya hatua iliyoshindwa, safu itaandikwa mara ya pili na mteja anaweza kupata barua mbili. Kinga yake ni ya kawaida: kila fomu iwe na namba yake ya kipekee, hatua ya kwanza itafute namba hiyo kwenye lahajedwali kabla ya kuandika, na vitendo visivyoweza kurudishwa, kama kutuma barua, viwekwe mwishoni. Zapier husaidia kidogo, kwa kuwa inapochungulia hukumbuka vitambulisho vya vitu ilivyokwisha kuviona na kuviruka. Kinachoingia kwa webhuku hakina kinga hiyo.

Kosa langu mwenyewe la gharama kubwa halikuhusiana na programu iliyoacha kujibu. Nilijenga mtiririko ulioanza kila safu ya lahajedwali inapobadilishwa, na hatua yake ya mwisho iliandika neno «tayari» kwenye safu ile ile. Kuandika huko kulikuwa badiliko, badiliko likaamsha mtiririko, mtiririko ukaandika tena. Nilipoamka, kiwango cha mwezi mzima kilikuwa kimekwisha. Kila utekelezaji ulikuwa umefaulu, kwa hiyo hakuna onyo lolote la kosa lililokuja. Tangu hapo, kichujio cha kwanza katika mtiririko wa aina hiyo huwa kinauliza kama safu tayari imeandikwa «tayari», na ikiwa ndivyo kazi inaishia hapo.

Matawi na umbo la data

Mtiririko unapohitaji kugawanyika, kwa mfano mteja wa zamani aende huku na mpya aende kule, Zapier hufanya hivyo katika mipango ya kulipia, na hadi matawi mawili matatu inasomeka vizuri. Zaidi ya hapo, mstari wake wa kushuka unakuwa mrefu mpaka huoni mwanzo wala mwisho. Make ina kigawanyaji kisichotozwa, pamoja na moduli za kuipasua orodha kuwa kitu kimoja kimoja na kuikusanya tena, na kwa kuwa kila kitu kiko mbele ya macho, mtu mwingine anaweza kuelewa senario yako kwa kuitazama. n8n huweza kuunganisha tena matawi yaliyogawanyika, na kwa data yenye tabaka ndani ya tabaka ndiyo inayonipa usumbufu mdogo kuliko zote. Power Automate ina masharti na mizunguko ya kutosha, lakini lugha yake ya fomula, ambayo haifanani na ya Excel ingawa wote ni wa nyumba moja, imewakatisha tamaa watu niliodhani hawakati tamaa.

Funguo zinakaa wapi

Ukiunganisha programu, unaikabidhi zana ruhusa ya kufanya kazi kwa jina lako. Programu nyingi hutumia OAuth 2.0: hutoi nenosiri lako, unatoa tokeni, ufunguo unaoweza kufutwa. Hilo ni jema kwa usalama, lakini lina matokeo yake. Muunganisho ukiwa umefanywa kwa akaunti ya mfanyakazi mmoja, siku akaunti yake inapofungwa tokeni nayo inakufa, na mitiririko iliyokuwa ikifanya kazi kwa miaka miwili huanza kurudisha kosa la 401, yaani ruhusa haikubaliki. Fungua akaunti maalumu ya ofisi kwa ajili ya miunganisho, na kwa Power Automate ongeza mmiliki wa pili kwenye kila mtiririko wenye umuhimu.

Kuhusu mahali data inapopita, Zapier huiweka Marekani. Make hukuruhusu kuchagua kati ya Ulaya na Marekani unapofungua akaunti, na uchaguzi huo ufanye kwa makini kwa sababu kuhama baadaye ni kazi. Wingu la n8n liko Ulaya. Kwa Power Automate, eneo hufuata mazingira ya Microsoft ya taasisi yako. Kama sheria au mkataba unakataza data ya wagonjwa, wanafunzi au wateja itoke kwenye mitambo yenu, basi kati ya hizi nne ulinganisho umekwishaamuliwa: n8n kwenye seva yenu.

Lakini ijue bei yake. Aliyeiweka n8n kwenye Docker, zana ya kuendeshea programu kwenye seva, kwa mchana mmoja amemaliza sehemu rahisi. Baada ya hapo kuna anwani yenye HTTPS ili webhuku zifike, kuna masasisho, kuna nakala rudufu za hifadhidata, na kuna ufunguo wa usimbaji fiche unaolinda miunganisho yote. Ukirejesha hifadhidata bila ufunguo huo, mitiririko itarudi ila miunganisho haitafunguka, na utaanza kuingia kwenye kila programu upya. Kuna hata jambo dogo la saa: usipoweka ukanda wa saa mwenyewe, n8n huchukua ule wa New York, na ripoti uliyoipanga kwa saa mbili asubuhi itafika saa ambayo huitegemei. Leseni yake inaruhusu matumizi ya ndani ya biashara yako bure, lakini hairuhusu uiuze kwa wengine kama huduma yako. Kama katika timu hakuna mtu ambaye anaweza kusoma kumbukumbu za seva bila kuogopa, huduma ya wingu ni nafuu kuliko inavyoonekana.

Ningechagua nini

Kwa mtu mmoja au timu ndogo yenye mitiririko mifupi, matukio machache na programu zisizo za kawaida, ningechagua Zapier, na singejutia fedha ya ziada, kwa sababu muda anaouokoa yule asiye fundi unazidi gharama hiyo. Kwa mitiririko yenye matawi, masharti na haja ya kujua hasa kinachotokea kosa linapoingia, ningechagua Make, kwa sharti kwamba vichochezi viwe vya webhuku na mpangilio wa kuhifadhi utekelezaji usiokamilika uwashwe siku ya kwanza. Kwa taasisi ambayo tayari inalipia Microsoft 365 na ambayo kazi zake haziendi mbali na Outlook, Teams na SharePoint, kununua zana nyingine kabla ya kuijaribu Power Automate ni ubadhirifu. Ila orodhesheni konekta mnazozihitaji kwanza, mjue zipi ni za daraja la juu. Kwa data nyingi, data nyeti au timu yenye fundi, ningechagua n8n.

Kuna ofisi zinazotumia mbili, na silioni kuwa kosa: Power Automate kwa idhini za ndani, na n8n kwa orodha ndefu za usiku. Kinachokuwa kosa ni mtiririko mmoja kuvuka zana mbili, kwa sababu unapokatika hakuna historia moja inayoonyesha safari yote.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, chukua mtiririko mmoja wa kweli, uuendeshe kwa wiki mbili katika mpango wa mwezi au wa majaribio, kisha ufungue ukurasa wa matumizi uone namba halisi. Zizidishe kwa mbili kabla ya kuzilinganisha na mipango inayouzwa, maana mtiririko unaofanya kazi vizuri huwa unaongezewa hatua. Katika wiki hizo hizo, uharibu kwa makusudi: futa ruhusa ya programu moja, jaza fomu, na uone taarifa inamfikia nani, baada ya muda gani, na kama ile fomu inaweza kuokolewa.

Fanya hivyo ukijua kwamba kuhama baadaye si rahisi. Make na n8n hukuruhusu kuutoa mtiririko kama faili ya JSON, na Power Automate kama kifurushi, lakini faili ya moja haifunguki ndani ya nyingine; kuhama kunamaanisha kujenga upya, hatua kwa hatua. Kwa hiyo nina desturi ya kuandika kila mtiririko kwenye waraka wa kawaida, kwa maneno ya kawaida: unaanza na nini, unachuja nini, unaandika wapi, nani anaarifiwa ukishindwa, na akaunti ipi ndiyo yenye funguo.